Kwa nini shangazi anawekewa dripu na bado anapigwa mionzi

Nipo Mulago, Kampala, namuuguza shangazi mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi anapata Jumatatu hadi Ijumaa, na mara moja kwa wiki anawekewa dripu ya sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani. Kichefuchefu kikimzidi huuliza: mashine si ipo, dripu ya nini tena? Ana haki ya kuuliza, na jibu nililopewa nataka kila mwenye mgonjwa alijue.

Mionzi huua seli kwa kukata DNA yake, yaani vinasaba vyake. Lakini seli ina mafundi wake, protini zinazokimbilia palipokatika na kuunga upya. Sisplatini hujibandika kwenye DNA na kuwavurugia mafundi hao kazi, hivyo seli ya saratani ikijaribu kugawanyika hufa. Dozi ni ile ile ya mionzi, ila inafanya kazi zaidi. Mwaka 1999 majaribio matano yalionyesha kwamba wanawake waliopewa vyote viwili waliishi zaidi, na ndipo utaratibu huu ukaenea.

Watafiti sasa wanawalenga mafundi wenyewe, kwa dawa kama olaparibu inayozuia protini iitwayo PARP. Natamani sana zifaulu, na bei isitufungie mlango. Ugumu ni kwamba seli zenye afya nazo hujitengeneza kwa njia hizo hizo.

Ndugu zangu, hakikisheni damu na figo vinapimwa kabla ya dripu. Na tafadhali msikatishe mionzi katikati, maana seli zilizobaki hupata muda wa kuongezeka.