Kifua kilikuwa kinanibana nikaambiwa ni gesi: nilivyopambana na moyo huku natumia ARV

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo mnisamehe. Juzi kwenye kikundi chetu dada mmoja mwenye VVU kama mimi kasema kifua kinambana akipanda ngazi, na mtu mzima kabisa akamjibu aache ARV (dawa za kufubaza VVU) kwanza wiki mbili tatu ili moyo upumzike. Na watu wakakubali! Jamani hapana. Mi nimepita huko huko kwenye kifua kubana na nipo hapa, ngoja nieleze nilivyofanya, anayetaka achukue.

Mi ni mama lishe hapa Morogoro, napika karibu na stendi ya Msamvu, umri nimeshavuka hamsini. ARV nimeanza 2007, enzi zile za vidonge vyenye stavudini vilivyokuwa vinawasha miguu moto usiku na kumaliza mashavu, walioanza zamani wanajua. Baadae nikabadilishiwa, na sasa hivi niko kwenye TLD, kile kidonge kimoja usiku. Virusi kwangu havionekani kwenye kipimo miaka mingi tu na najivunia hilo kwa sababu sijawahi kuruka dawa kwa uzembe, hata mvua ikinyesha vipi siku ya kliniki mi nipo.

Sasa baada ya kuingia TLD mwili ukaongezeka, nikafurahi kama kila mtu, nani hapendi kunenepa baada ya kukonda vile. Alafu kifua kikaanza. Nikibeba ndoo ya maji au nikipanda kwenda nyumbani (naishi upande wa mlimani, chini ya Uluguru) kinabana katikati hapa, kinavuta mpaka kwenye taya na mkono wa kushoto, nikisimama dakika chache kinaachia. Nikaenda zahanati moja, jina silitaji, nikaambiwa gesi na vidonda vya tumbo, mama lishe wote mnakula ovyo. Nikapewa omeprazo ya kupunguza asidi tumboni na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya magnesiamu.

Hapa nataka mnisikilize vizuri maana hakuna aliyeniambia. Zile za kutafuna nilikuwa namung'unya usiku, na usiku ndio nameza TLD. Wala hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani nyingine. Kumbe ndani ya TLD kuna dolutegraviri, na hiyo ikikutana na magnesiamu au aluminiamu tumboni vinashikana, dawa hainyonywi vizuri, yaani unameza kila siku lakini mwilini inaingia kidogo. Sista wa CTC, kliniki yetu ya VVU, alivyokuja kujua alishika kichwa. Akanielekeza kama ni lazima nitumie ya kutafuna basi TLD niimeze saa mbili kabla yake au nisubiri saa sita baada yake. Omeprazo yenyewe haina shida na dolutegraviri, tatizo ni zile dawa za tumbo za kutafuna na za maji meupe. Namshukuru Mungu kipimo cha wingi wa virusi kilichofuata kilitoka salama. Ila fikiria ni wangapi wanaambiwa gesi, wanatafuna, na kifua kinaendelea vile vile.

Kilichonifanya nikatae hiyo habari ya gesi ni mlima wangu. Nilianza kuangalia kinabana saa ngapi. Nikila maharage nikakaa, hakibani. Nikiwa na njaa nikapanda na ndoo, kinabana. Nikiwa nimeshiba nikapanda na ndoo, kinabana. Nikisimama kinaachia. Gesi gani hiyo inayojua kwamba napanda mlima? Nikaenda hospitali kubwa zaidi na hayo maneno kichwani, nikamwambia dokta hivi hivi nilivyowaambia nyinyi, hata hakuniacha nimalize, akasema mama lala hapo tupime. Presha ilikuwa 178 kwa 104. Wakanipima ECG, ile ya kubandikwa waya kifuani, akasema misuli ya moyo inaonyesha imenenepa kwa kusukuma na presha kubwa, nikafanyiwe ultrasaundi ya moyo, eko.

Eko nikaenda kufanya Dar, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kwa treni ya umeme unaenda asubuhi jioni umerudi, sitaelezea sana mambo ya foleni na kadi kila mtu anayajua. Majibu ya eko yakawa hayo, misuli imenenepa, na kwenye kipimo cha damu mafuta, lehemu ile mbaya, yako juu, dokta akasema kwa dalili zangu huenda mishipa inayolisha moyo imeanza kuwa myembamba. Nikamuuliza dokta kwa nini mimi, sivuti sigara, sinywi. Akanieleza vizuri mpaka leo nakumbuka. Akasema mtu mwenye VVU hatari yake ya ugonjwa wa moyo ni kama mara mbili ya asiye na VVU, hata kama virusi havionekani, kwa sababu kirusi kinaacha mwili kwenye hali ya kuwaka ndani kwa ndani muda wote, kinga haipumziki, na huko kuwaka kunachubua ukuta wa mishipa, mafuta yanapata pa kushika. Juu yake ongeza presha, ongeza unene, ongeza zile dawa za zamani zilizovuruga mafuta mwilini. Na umri, maana tunazeeka sasa, zamani hatukuwa tunafika huku.

Bas nikaanzishiwa amlodipini na losatani za presha, atovastatini ya lehemu na aspirini ndogo.

Ila kabla sijaandikiwa palikuwa na kitu kigumu kuliko vyote, kusema natumia ARV. Mnajua vile vyumba, dokta yupo, wanafunzi wanne wamesimama, mlango wazi, mgonjwa mwingine kakaa pembeni anasubiri. Nani ataropoka pale? Na usiposema wanaweza kukupa dawa zinazogombana. Dokta aliniambia kwa mfano simvastatini, nayo ni dawa ya lehemu, haitakiwi kabisa kwa mtu anayetumia ARV za laini ya pili (za waliobadilishiwa baada ya zile za kwanza kushindwa) zenye ritonaviri, dawa inajaa mwilini mpaka misuli inaharibika, na hata amlodipini kwa watu hao inabidi waanze na kidogo. Sasa mi nilifanya hivi, na hii naiona ni akili yangu bora kuliko zote. Nyumbani nilimwambia mpwa wangu anayesoma uuguzi aniandikie kwenye karatasi kwa kalamu nzuri majina yote ya dawa ninazotumia kwa jina la kitaalamu, tenofoviri, lamivudini, dolutegraviri, na miligramu zake, chini tukaweka omeprazo na zile za kutafuna, tukakunja, nikaiweka ndani ya daftari la hospitali ukurasa wa mbele. Nilipokaa tu nikasema dokta, dawa ninazotumia zimeandikwa humo. Akafungua, akasoma, akaniangalia, akatikisa kichwa kwamba kaelewa, akaendelea na maswali yake kwa sauti ile ile wala hakuna mtu mle ndani alijua lolote. Toka siku hiyo karatasi haitoki. Dawa mpya ikiongezwa naiongeza, na CTC nao naenda nayo hiyo hiyo ili waone dawa za moyo. Maana hizi kliniki mbili hazijuani kabisa, wewe mwenyewe ndio tarishi wa kupeleka habari huku na kule.

Mashine ya presha nayo ilinisumbua. Wifi yangu aliniletea ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, inatoa 190, ukirudia 130, ukirudia 165, nikawa nalala na hofu. Nikanunua ya mkono wa juu, nayo ikawa inasoma juu kila siku wakati kliniki wananiambia imeshuka. Nikaibeba mpaka kliniki. Sista akafunga ya kwao, 138, akafunga ya kwangu, 156. Akacheka akasema mama angalia mkono wako na huu mkanda. Mkanda ulikuwa mdogo! Mkono wangu mnene, na mkanda ukiwa mdogo unasoma presha kubwa kuliko ilivyo. Nikanunua mkanda mkubwa peke yake, ikakaa sawa. Kwa hiyo ukienda kununua pima kwanza mkono wako na futi ya fundi cherehani, kwenye boksi wameandika mkanda unafaa mkono wa sentimita ngapi. Alafu usipime umetoka jikoni. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, umeshakojoa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee. Mi napima asubuhi kabla ya dawa na jioni, naandika kwenye daftari la madeni ya wateja, ukurasa wa nyuma.

Chakula sikufanya maajabu. Nimeacha kuweka vile vidonge vya mchuzi, vimejaa chumvi, natumia kitunguu, tangawizi, ndimu na pilipili hoho nyingi. Dagaa wa chumvi nawaloweka namwaga maji. Pale kwenye biashara napika chumvi kidogo, kopo la chumvi liko mezani anayetaka aongeze, na hakuna mteja aliyenikimbia. Mafuta yale yanayoganda nimeyaacha, nakaangia alizeti na sio kujaza sufuria. Mwili umepungua kiasi.

Nirudi kwa wale wa "acha ARV". Hili sio jambo la kubahatisha, lilishapimwa. Kuna utafiti ulioitwa SMART, watu zaidi ya 5,400 kwenye nchi 33, majibu yakatoka 2006. Nusu walitumia dawa mfululizo, nusu walikuwa wanasimamishwa kinga ikiwa juu na kurudishwa ikishuka. Waliosimamishwa ndio waliokufa zaidi, na wakapata zaidi magonjwa makubwa ya moyo, figo na ini. Yaani ukiacha dawa kuusaidia moyo ndio unaumaliza, kwa sababu kirusi kikirudi kule kuwaka kunarudi kwa nguvu. Kama ARV moja inatiliwa shaka kwa moyo, kwa mfano abakaviri, inabadilishwa na dokta, unatoka kwenye hii unaingia kwenye ile bila kukaa siku tupu.

Na mwingine aliniambia dawa ya lehemu ni ya wazungu wanene. Mpwa wangu akanisomea utafiti wa REPRIEVE wa 2023, watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 mpaka 75, Uganda jirani zetu wamo, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini wamo. Hao hatari yao ya moyo ilikuwa ndogo au ya kati tu, hawakuwa wameumwa moyo. Waliopewa pitavastatini walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo pungufu kwa asilimia 35 ukilinganisha na waliopewa kidonge kitupu. Kwa hiyo mwenye VVU uliyevuka 40, ukienda CTC uliza presha yako, sukari yako na lehemu yako, uliza hata kama foleni ndefu. Wanaotumia tenofoviri na losatani kama mimi waulize na kipimo cha figo. Na kifua kikibana umekaa tu, jasho linatoka, hakiachii, usiandike kwenye kikundi, chukua bodaboda uende hospitali.

Gharama sasa maana mtaniuliza. ARV bure. Za moyo nanunua, kwa mwezi inacheza elfu thelathini mpaka arobaini kutegemea duka, mashine na mkanda havikufika laki na nusu, hela nyingi ilitoka VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikarudisha taratibu. Presha asubuhi ya leo 128 kwa 80, na ndoo ya maji napanda nayo, nasimama mara moja tu pale kwenye mwembe.