Naona Nyali, Sioni Sindano

Nilipasuliwa jicho la kulia, na bendeji waliibandua asubuhi ya pili yake. Muuguzi akaninyooshea mkono akaniuliza vidole vingapi. Nikamwambia vitatu, na hiyo pete yako ina kijiwe chekundu. Akacheka, kisha akanisomea masharti: nisiiname, nisinyanyue kizito, nisilifikiche jicho, maji yasiingie, na usiku nilale na kigao cha plastiki. Nikarudi nayo Kibokoni, mtaani kwetu Mombasa, nimevaa miwani myeusi, watoto wa kichochoroni wakinitazama kama mtalii.

Mtoto wa jicho alinikalia miaka. Hana maumivu, ndiyo maana humchelewesha mtu. Kila kitu hukiona kwa nyuma ya kioo cha chemni kilichoshika moshi, na kila mwaka moshi unazidi. Mimi kazi yangu ni kushona kofia za mkono, zile za vitundu, na mwisho nilikuwa nashona kwa kupapasa.

Nyumbani, bwana mkubwa akawa ni mjukuu wangu wa kike. Alikuwa darasa la saba, na kazi ya matone akaikamata kisawasawa, mara 4 kwa siku. Chupa ya kwanza, dakika 5 kwa saa ya ukutani, ndipo chupa ya pili, ili moja isiisukume nyenzake. "Tazama juu, bibi." Hulivuta kope la chini, tone likaanguka baridi, kisha akanibana kwa kidole pale pembeni mwa pua. Asipobana, dawa hushuka kooni na uchungu wake husikika hadi kwenye chai. Na nikidondosha kitu tu, sauti hutoka jikoni: "Mbona wainama?"

Kuswali niliswali juu ya kiti. Hilo lilinitia uchungu kuliko jicho lenyewe, maana paji la uso likishazoea mswala halitaki kukaa hewani.

Wageni nao hawakukatika. Mombasa ukiugua huna faragha, na mimi sikuitaka. Mahamri waliyoniletea yalitosha kufungulia duka. Jirani mmoja aliapa kwamba daktari hulitoa jicho, akaliosha kwenye sahani, akalirudisha. Nikamwambia mama, mimi nilikuwa macho! Jicho lilitiwa ganzi tu. Daktari alipita kwenye kitundu kisichofika milimita 3, akaivunjavunja lenzi iliyochafuka, akaifyonza, akaingiza ya bandia imekunjwa, nayo ikajikunjua ndani. Muda wote huo nasikia wenzake wakizungumza habari za foleni ya feri ya Likoni. Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hiyo sahani ilikuwa ya bati?"

Rangi ndizo zilizonipumbaza. Nilikuwa na leso ya zamani, nyeupe kwa buluu, nikiamini imeshachujuka. Nikalifumba jicho la kushoto, leso ikang'aa, buluu yake kali mpaka yachoma. Nikafumba la kulia, ikarudi manjano. Lenzi ya kuzaliwa nayo hugeuka manjano kadiri mtu anavyozeeka, na buluu huizuia njiani. Asubuhi nzima nilikaa hivyo, nafumba hili nafumbua lile, nikavipitia vyombo vyote vya kabatini. Mjukuu wangu akadhani nimepata wazimu.

Kisha wakanipandisha darini kupunga upepo. Kule chini bandari ya kale, jahazi limefunga, naziona kamba zake moja moja. Ng'ambo, Nyali, nayahesabu madirisha ya maghorofa. Nikashuka kwa furaha nikaitisha kofia yangu na sindano. Sindano nilikuwa nayo mkononi, naisikia, lakini tundu halipo. Nikaileta karibu, likazidi kupotea. Nikainyoosha mbali mpaka mkono ukaisha, bado.

Daktari alikuwa ameshanieleza: lenzi niliyotiwa ni ya mbali, ya karibu nitavaa miwani, na miwani haipimwi mpaka jicho litulie, wiki 4 au zaidi. Lakini kuelezwa ni kitu kimoja, na kukaa na kofia ya mteja mapajani, Ramadhani inakaribia, ni kitu kingine. Watu wakiniambia "hongera, sasa waona," nikiitikia alhamdulillahi, nami moyoni nasema naona Nyali, na Nyali hainiagizi kofia.

Mjukuu akawa anatunga uzi kwenye sindano nyingi kabla ya kwenda shule, anazichomeka kwenye mto wa kulalia zimejipanga. Nilizitazama tu, kushona hakuruhusu.

Miwani ilipokuja, tundu la sindano likawa mlango. Nilishona mpaka adhana ya alasiri. Siku ya kurudi kliniki, daktari alilimulika jicho akaridhika, akafungua daftari lake: la kushoto tulifanye mwezi huu, bibi? Nikamuuliza Idi imebakia muda gani. Akahesabu, akaniambia. Basi niandike baada ya Idi, nikamwambia, nina kofia za watu.