Ofisi yangu ya ramani ilivyovuka masika

Januari 2019 nilikuwa na kazi tatu mezani na sina kodi ya ofisi. Mimi ni mbunifu majengo, nachora ramani za nyumba; ofisi yenyewe ni chumba kimoja Mwanjelwa, Mbeya, juu ya duka la bati. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ilishanisajili mimi na kampuni yangu pia, maana hivyo ni vitu viwili na kila kimoja kina ada yake ya mwaka. Watu wa hapa wananiita Injinia, nilishachoka kuwasahihisha.

Ugonjwa wangu ulikuwa kuchora kwanza, kudai baadaye. Mteja mmoja, mfanyabiashara wa mazao, aliniomba nimrushie ramani WhatsApp "nimwonyeshe tu wife". Miezi minne baadaye niko kwenye daladala ya Uyole, naiona nyumba niliyoichora imefika lenta. Dirisha la jikoni nililolielekeza mashariki lipate jua la asubuhi (anayeijua Mbeya ya Julai ananielewa) fundi kaligeuzia ukuta wa jirani. Laki nane zangu sijaziona mpaka leo, ila lile dirisha ndilo liliniuma zaidi.

Nikakaa na daftari la risiti za miaka miwili. Karibu hela yote ilikuwa imeingia kati ya Juni na Oktoba: mpunga wa Mbarali umeuzwa, mahindi yamevunwa, kahawa ya Mbozi inalipwa, na kiangazi kinaruhusu kumwaga zege. Mvua zikianza Novemba, hela ya kila mtu inafukiwa shambani kwenye mbolea na vibarua. Hata mwalimu au nesi, ukimchimba, ana ekari zake mahali.

Basi nikaigawa kazi mafungu manne: mchoro wa awali, ramani kamili, michoro ya kibali cha ujenzi, na usimamizi wa saiti. Fungu halijalipwa, lifuatalo halianzi. Mchoro wa awali mteja anauona kwenye karatasi hapa hapa ofisini, faili haliondoki. Mhandisi wa nondo na mkadiriaji wa gharama nao wanalipwa kutoka fungu lao. Zamani niliwalipa mfukoni mwangu huku nikimsubiri mteja, ujinga mtupu.

Wakabaki vijana wa stationery wanaouza ramani za mtandaoni kwa laki moja na nusu. Kwa bei siwawezi. Septemba 2020 mama mmoja muuza vitenge wa Sokomatola akaniletea moja ya hizo, vyumba vinne, bati la kuficha, yaani paa linalofichwa nyuma ya ukuta.

"Injinia, we nigongee muhuri tu mwanangu."

"Mama, muhuri wangu haugongwi kwenye kazi ya mtu mwingine. Twende kwanza kiwanjani."

Kiwanja kiko Iganzo, kinateremka. Mimi na fundi tukavuta mpira wa maji wa kupimia usawa kutoka kigingi cha juu hadi cha chini. Katika mita 20, mteremko ukatoka mita 2 na sentimita 30. Nikamsimamisha fundi kona ya chini, nikamwambia anyooshe mkono juu.

"Mama, sakafu ya sebule yako itakuwa pale kwenye vidole vyake."

Akatazama weee. "Na hapo chini kunakuwa na nini?"

"Mawe, kifusi na zege. Hela yako."

Tuliishia kuikata nyumba ngazi mbili ikafuata mlima, chini kukapatikana gereji na stoo. Bati la kuficha nalo nikaliondoa: kwa mvua za huku, ule mfereji wa ndani ukizibwa na majani maji yanahamia kwenye dari. Elfu themanini ya kutembelea kiwanja alinilipa pale pale, na tangu siku hiyo sikanyagi kiwanja bure.

Nisichokijua ni kwamba mama yule alikuwa mweka hazina wa kikoba, na vikoba huvunjwa Desemba. Januari 2021, mvua inapiga bati na wateja wangu wa mpunga wako mashambani, wakaja akina mama watatu na hela zao za mgao, kila mmoja anataka nimpimie mteremko. Nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwenye nyumba akazihesabu mara mbili, akaniuliza kama nimeuza gari.