Presha ya baba na figo zake

Baba alipogundulika kuwa na protini nyingi kwenye mkojo, daktari alimbadilishia dawa ya presha na kumwanzishia losartan, akatueleza kuwa dawa hii, mbali na kushusha presha ya mwili mzima, hutanua mshipa mdogo unaotoa damu kwenye vichujio vya figo, hivyo msukumo unaovichakaza hupungua. Wiki chache baadaye kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja) ilipanda kidogo, na shangazi akashikilia kwamba dawa iachwe mara moja. Daktari alikataa, kwa sababu ongezeko lisilozidi asilimia 30 mwanzoni hukubalika, mradi potasiamu isipande kupita kiasi, na ndiyo maana vipimo vya damu hurudiwa mapema. Binafsi naona hatari kubwa zaidi ni diclofenac anayojinunulia dukani kwa ajili ya goti (na muuzaji humpa bila hata swali moja), kwani dawa za maumivu za aina hiyo hupandisha presha na kuziumiza figo hizohizo tunazozilinda. Protini imeanza kupungua, ingawa figo hazijarudi zilivyokuwa, wala daktari hakutuahidi kwamba zitarudi.