Bia Hii ni ya Nani? Ubishi Nilioukuta Tanga Baada ya Miaka ya Ughaibuni

Tangu nirudi Tanga kutoka Uingereza, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote katika baa za Chumbageni ni hili: mtu aliyekaa kwa Wazungu miaka yote hiyo anakunywa bia gani? Jibu lolote utakalotoa linafungua kesi. Ukisema Kilimanjaro, atatokea wa kukukumbusha kwamba mwenye nayo yuko Ubelgiji. Ukisema Tusker, utaambiwa umehamia Kenya. Na ukisema Castle, wapo wazee ambao hadi leo wanaiita bia ya Makaburu na hawaigusi hata wakinunuliwa. (Sehemu kubwa ya mji wetu haigusi kilevi cha aina yoyote, na kesi hizi huzisikia kwa mbali tu, ninaowazungumzia ni sisi tunaokutana kwenye viti vya plastiki jua likishapoa.)

Mbishi mkubwa kuliko wote ni rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye ameisusa Tusker kwa sababu za kizalendo. Anasema hawezi kuwachangia watu wanaoutangaza Mlima Kilimanjaro kana kwamba uko kwao, na kwa hiyo yeye ni Serengeti tu, tena ya baridi. Nilimweleza, kwa upole niliodhani unatosha, kwamba mwaka 2010 kampuni ya East African Breweries ya Nairobi ilinunua asilimia 51 ya hisa za Serengeti Breweries, na kwamba Tusker inayotengenezwa hapa nchini inatengenezwa na kampuni hiyohiyo ya Serengeti, yenye viwanda Dar es Salaam, Mwanza na Moshi. Shilingi anayoinyima Tusker inaingia kwa wenyewe kupitia mlango wa pili. Aliigeuza chupa yake taratibu, akaifuta umande kwa kidole gumba, akatafuta kwenye lebo mahali palipoandikwa Tanzania, akanionyesha bila kusema neno. Wenzetu mezani walimpa ushindi.

Ukirudi nyuma zaidi, mambo yanazidi kuchanganyika, na nadhani hapo ndipo penye utamu wa ubishi wenyewe. Tusker, inayobebeshwa bendera ya Kenya, ilitoka kwa walowezi wa Kiingereza, akina Hurst, walioanzisha kiwanda chao Nairobi mwaka 1922. Mmoja wao, George, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na bia ikapewa jina la mnyama huyo. Mwaka 1935 kampuni hiyo ikainunua Tanganyika Breweries, na mwaka 1936 ikajiita East African Breweries. Yaani kabla ya bia nyingi tunazozigombania leo kuzaliwa, kiwanda cha huku na cha kule vilikuwa tayari chini ya paa moja la biashara. Baada ya uhuru kampuni ya huku kwetu, Tanzania Breweries (TBL), wenye Kilimanjaro na Safari, ikawa ya umma, na walioishi miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi bia ilivyokuwa adimu. Mwaka 1993 serikali iliiuzia South African Breweries nusu ya hisa za TBL pamoja na usimamizi wake. Mwaka 2016 Wabelgiji wa AB InBev wakamnunua mnunuzi. Mlevi wa Safari Lager amebadilishiwa mwenye nyumba mara kadhaa bila kuhama kiti.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kampuni ya Afrika Kusini iliwahi kujenga kiwanda Thika ili kupambana na Tusker nyumbani kwake, ikashindwa, na mwaka 2002 pande mbili zikapatana: kiwanda cha Thika kikafungwa, Castle ya Kenya ikawa inatengenezwa na Wakenya, na Tusker ya Tanzania ikawa inatengenezwa na TBL. Kwa miaka kadhaa, basi, aliyeagiza Tusker na aliyeagiza Kilimanjaro katika meza moja ya Ngamiani walikuwa wanakunywa kazi ya kampuni moja huku wakitukanana.

Nilikotoka mambo haya yamefika mbali zaidi, ila hakuna anayeyagombania. Bia ya Foster's, ambayo kila Mwingereza anaijua kuwa ya Australia, hutengenezwa Manchester. Madrí, iliyoingia sokoni mwaka 2020 ikiwa imevaa Uhispania kuanzia jina hadi picha, hupikwa kaskazini mwa Uingereza. San Miguel ilizaliwa Manila mwaka 1890, Waingereza wanaiona ya Kihispania, na kwa miaka mingi waliyokuwa wakinywa ilitoka Northampton. Wanajua, wanacheka, wanaagiza nyingine. Mimi naona afadhali ubishi wetu, kwa sababu angalau mtu anajali fedha yake inakwenda wapi.

Wapo wanaoacha habari za hisa na kushikilia ladha. Hawa wanaapa kwamba Tusker inayovuka Horohoro kutoka Kenya ni tamu kuliko ya Moshi, na kwamba ulimi wao haudanganyiki. Sitaki kuubishia ulimi wa mtu, lakini bia ina maadui wawili ambao Tanga tunao kwa wingi, jua na joto. Mwanga ukiipata bia huharibu viini vinavyotokana na maua ya hopi na kuleta harufu mbaya, ndiyo maana chupa nyingi ni za kahawia. Joto nalo huizeesha kabla ya wakati wake. Mji wetu hauna kiwanda cha bia, kwa hiyo kila kreti imefika kwa lori, na nimeona kwa macho yangu kreti zikiwa zimepangwa nje ya grosari tangu asubuhi hadi alasiri, jua likizipiga ubavuni. Bia ya namna hiyo hata ikiwa na pasipoti ya nchi gani itakuwa mbovu. Kabla ya kuilaumu Moshi, muulize mhudumu chupa ilikuwa imekaa wapi.

Msimamo wangu ni kwamba uraia wa bia utazamwe kwenye shayiri, kiwanda na ushuru. Hisa zinauzwa na kununuliwa London na kwingineko wakati sisi tumelala. Lakini shayiri inayolimwa mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro ina mkulima anayeonekana, kiwanda cha Mwanza au Mbeya kina wafanyakazi wanaolipa kodi za nyumba mtaani, na ushuru wa bidhaa unakatwa hapahapa, kwa stempu ya TRA. Kwa kipimo hicho Castle iliyotengenezwa Tanzania ni ya Tanzania kuliko bia yoyote iliyoshuka bandarini ikiwa na jina zuri, na Tusker ya Moshi nayo ina haki zake. Najua faida ya mwisho inapanda ndege, na hilo ni dai halali. Ila dai hilo likishikwa sawasawa linaziangukia Kilimanjaro, Safari na Serengeti kwa pamoja, halimwachi mzalendo hata mmoja na chupa mkononi.

Nilipoyasema hayo Jumamosi iliyopita, mjomba wangu, aliyestaafu kwenye mashamba ya mkonge na ambaye hajawahi kuagiza kitu kingine zaidi ya Safari, alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikamjibu ndiyo, mjomba. Akasema hesabu ni nzuri, lakini Castle ya Makaburu hatainywa hata ikipikwa jikoni kwa mama yangu, kisha akamwita mhudumu aniletee Safari moja kwa hela yake, akisisitiza iwe ya moto.