Kizunguzungu cha mama na maswali tuliyochelewa kumuuliza

Kwa miezi kama mitano hivi, kila mama akishikwa na kizunguzungu sisi watoto tulikuwa na jibu moja tu, presha. Tunampima akiwa amekaa kwenye kiti, tunakuta iko sawa au imepanda kidogo, tunamwambia mama pumzika, basi. Zahanati tuliyompeleka mara ya kwanza nao wakasema ni umri, mtu ana miaka 74 mnategemea nini, wakampa vidonge vya kizunguzungu tukarudi nyumbani. Mi sikuridhika ila hata cha kuuliza nilikuwa sijui.

Kuna asubuhi moja nilimwona anatoka chumbani, akafika mlangoni akasimama, mkono umeng'ang'ania fremu ya mlango, macho kafumba, hasemi kitu. Nikamwita mama vipi, akanyanyua kiganja kama ananiambia subiri kwanza. Baadae kidogo akafumbua macho akasema "imepita mwanangu", akaendelea zake na safari ya chooni kama hakuna kilichotokea. Yaani alikuwa ameshazoea! Hiyo ndo iliyoniuma kuliko yote, maana mtu wa umri ule akidondoka vibaya akavunjika nyonga, mambo yanabadilika kabisa, wengine hawarudi kutembea kama zamani.

Nikanunua daftari. Kila ikimtokea naandika, alikuwa anafanya nini, imedumu muda gani, amesikia nini mwilini. Wiki mbili tu na jambo likaanza kujionyesha lenyewe, kumbe mama alikuwa na vitu viwili tofauti na vyote anaviita kizunguzungu. Cha kwanza kinakuja akijigeuza kitandani upande wa kulia au akiinua uso kuangalia juu ya kabati, hapo nyumba inazunguka kweli kweli, kichefuchefu juu, nusu dakika imeisha. Cha pili kinakuja akiinuka, hasa asubuhi, na hapo hakuna kinachozunguka, ni giza machoni na magoti kulegea. Neno letu hili limebeba mizigo mingi mno, mtu dunia inazunguka ni kizunguzungu, anataka kuzimia ni kizunguzungu, anayumba tu akitembea nacho kizunguzungu, na kila kimoja kina chanzo chake.

Daktari wa pili (Mungu ambariki) alilisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa kabla hajagusa kifaa chochote. Akamlaza mama dakika 5, akampima presha, ikawa 142 ya juu. Akamsimamisha, akampima dakika ya 1 na ya 3, ikawa imeshuka mpaka 114. Akatuambia presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3 za kusimama, hilo tayari ni tatizo lenye jina lake, damu inabaki miguuni na ubongo unakosa kwa muda. Na sisi miezi yote ile tunampima amekaa! Sasa sababu, kidonge chake cha kukojoza kilikuwa kimeongezwa dozi, halafu yeye mwenyewe alikuwa anakwepa kunywa maji ili asiamke amke usiku, na wazee hata kiu hawaisikii vizuri kama sisi. Dozi ikarekebishwa, na yeye daktari ndo aliyerekebisha, maana kuacha dawa ya presha kienyeji ni kujitafutia kiharusi.

Kile cha kitandani nacho akakitafuta. Alimkalisha mama, akamgeuza kichwa kulia, akamlaza haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya kitanda, akaniambia angalia macho. Jamani, yakaanza kucheza, yanaruka kwa kujizungusha, mama kanibana mkono mpaka kucha zimeingia, halafu yakatulia yenyewe. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo sana za chokaa zinazosaidia mwili kujua uko wima au umelala, umri ukienda zinabanduka na kuingia kwenye mifereji isiyo yake, kichwa kikigeuka zinasukuma maji ya humo na ubongo unadanganyika kwamba unazunguka. Inaitwa BPPV, na ni moja ya sababu za kawaida kabisa kwa wazee. Tiba yake haina hata kidonge, ni kugeuzwa kichwa na mwili kwa hatua, kila mkao nusu dakika au zaidi, mpaka zile chembe zirudi kwao, njia aliyoibuni daktari Mmarekani John Epley na kuichapisha 1992. Mama alifanyiwa mara mbili tu, siku ile na wiki iliyofuata, nyumba ikaacha kuzunguka.

Vile vidonge vya kizunguzungu vya mwanzo daktari alimwachisha. Dawa za aina hiyo, kama cinnarizine na prochlorperazine, kwa mzee zikitumika muda mrefu zinaweza kuleta mikono kutetemeka na mwili kukakamaa, na zinauchelewesha ubongo kuzoea. Mnaowanunulia wazazi kila mwezi bila kurudi hospitali naomba sana muulize.

Ila wa kwako anaweza asiwe kama mama yangu. Kwa wababa angalieni dawa za tezi dume, zipo zinazoshusha presha mtu akisimama, na kwa wote angalieni dawa za usingizi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide sukari inaweza kushuka, na aliyekaa miaka na metformin, kidonge kingine cha kisukari, vitamini B12 inaweza kupungua mpaka miguu ikafa ganzi akawa anayumba, hasa gizani. Kuna upungufu wa damu. Kuna sikio linalopiga kelele na kuziba, kizunguzungu kinakaa masaa. Kinachonitisha mimi zaidi ni moyo, kama kinamjia akiwa amekaa tu ametulia, au mapigo yanaruka, au amezimia akipanda ngazi, hapo msisubiri, apimwe moyo, na kipimo cha dakika moja kikitoka safi ombeni cha kuvaa masaa 24 maana mapigo mabovu huja na kuondoka.

Na kama kimekuja ghafla pamoja na mdomo kupinda, maneno kukorogeka, kuona vitu viwili viwili, mkono kukosa nguvu, au hawezi kabisa kusimama bila kushikwa, hiyo ni emergensi, mbio hospitali muda huo huo hata kama baada ya dakika 10 amerudi sawa.

Mama siku hizi akiamka anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anachezesha nyayo juu chini, ndo anainuka. Tuliambiwa zile chembe za sikioni zinaweza kubanduka tena, na juzi zimebanduka. Nilijua kwa sababu nilikuta daftari mezani, mwandiko wake mwenyewe, "saa 11 alfajiri, nimegeukia kulia, nyumba imezunguka, nimehesabu mpaka 20."