Wakuu wa Tekoa Hawakutia Shingo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimegota kwenye mstari mmoja wa Nehemia 3 na bado haujaniachia. Sura ile wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu: fulani alijenga kipande hiki cha ukuta wa Yerusalemu, na baada yake fulani, na baada yake fulani. Ukifika mstari wa 5 unawakuta Watekoa. Walijenga kipande chao, ila wakuu wao hawakutia shingo zao kazini. Habari yao imeishia hapo. Hatuambiwi majina yao wala udhuru waliotoa. Zaidi ya miaka 2,400 imepita na bado wanasomwa hivyo hivyo.

Tekoa ulikuwa mji mdogo wa milimani, kusini mwa Bethlehemu, kwao nabii Amosi. Anayejua miji yetu ya milimani ataelewa upesi kwa nini aibu ile iliandikwa. Panda Upareni, Usangi au Suji, au Mamba Miamba kwenye tangawizi. Siku ya gulio njia zote zinashuka na watu, ndizi, maharage na magimbi, na mtu anaulizwa hali ya mgonjwa wake kabla hajaulizwa bei. Wenzetu wanaokwenda huko Krismasi wanarudi Dar wakisema, "Kule watu wanapendana jamani!" Ni kweli wanapendana. Lakini upendo ule umeshika sepetu, na jina lake ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima.

Tazameni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo lililochimbwa ubavuni mwa mlima, juu ya mashamba. Kijito cha kiangazi ni chembamba. Ukikielekeza moja kwa moja shambani, udongo wa mfereji unayanywa maji yote kabla hayajafika mbali. Kwa hiyo usiku kucha yanaachwa yajae kwenye ndiva, na asubuhi kizibo kinazibuliwa. Hapo yanatoka kwa nguvu, mengi kwa pamoja, yanafika hata shamba la mwisho, kila mmoja kwa zamu yake.

Adui wa ndiva ni tope. Kila mvua inashusha udongo. Chukueni ndiva ya mita 20 kwa 15, kina mita 1: inabeba lita 300,000. Tope likifika sentimita 30, lita 90,000 zimekwisha potea, karibu theluthi nzima, na ukipita juu yake unaona maji yametanda vilevile. Kulitoa tope hilo kwa karai la lita 15 ni karai 6,000. Wakija watu 60, kila mmoja anabeba karai 100. Wakikosa 20, waliokuja wanabeba 150 kila mmoja. Tope halipungui kwa sababu fulani ana dharura.

Sasa someni mstari wa 27 wa sura ile ile. Watekoa wanatajwa tena: wamejenga kipande cha pili. Wakuu walikaa pembeni, watu wa kawaida wakabeba karai 150. Kinyume chao, mstari wa 12, yuko Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, anajenga yeye pamoja na binti zake. Mkuu yule alitia shingo, na akaja na nyumba yake.

Kwenye msaragambo asiyefika anatozwa faini, na hapa ndipo ninapotaka tukae, wapendwa, kwa sababu sisi wa Dar tumeigeuza faini kuwa ushirika. Jumuiya ni Jumamosi asubuhi, mtu anatuma elfu tano kwa simu. Kuna msiba, anatuma rambirambi. Mgonjwa amelazwa, anatuma. Halafu anaandika, "Nimetuma, tuko pamoja." Ndugu yangu, hatuko pamoja. Pesa yako imefika na Mungu akubariki kwa hiyo, maana turubai na viti havikodiwi kwa maombi peke yake. Lakini usiku wa kwanza wa msiba, saa tisa, mjane anapoamka na kukuta sebule ina watu wamelala kwenye mkeka, hicho hakitumwi kwa simu.

Wazee wa mfereji wanajua kwa nini faini haiwezi kushika nafasi ya mtu. Tuta la ndiva linavuja kidogo kidogo: mizizi iliyooza inaacha tundu, panya na fuko wanachimba. Tundu la kidole lisipozibwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ungali mbichi, maji yanalipanua hadi tuta linakatika. Tundu hilo analiona aliyesimama pale na karai. Na zamu za maji zinapangwa pale pale kazini, mdomo kwa mdomo. Aliyelipa faini akabaki nyumbani hajui tuta linavuja wapi wala Jumanne ni zamu ya nani, na ndiye anayefungua maji usiku wa mwenzake. Ugomvi wa maji unaanzia hapo. Jiulizeni ugomvi wa jumuiya zetu unaanzia wapi.

Kuna jambo moja zaidi. Kipande kigumu cha mfereji ni kile cha juu, karibu na banio, pale kijito kinapoingizwa mferejini, kwenye mawe na vichaka, na mara nyingi hakipiti shambani kwa mtu yeyote. Hakuna anayekiona chake, lakini kikiziba wote wanakauka. Amosi wa Tekoa alisema, "Hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu." Maji yanateremka hadi shamba la mjane wa chini kwa sababu kuna watu walipanda kusafisha mahali ambapo si pao.

Sisi hatuna ndiva. Kila nyumba ina tangi lake, ukuta wake na geti lake. Lakini mtaro wa mtaa tunao, na vuli inakaribia. Kila mwaka maji yanaingia kwa jirani wa bondeni, nasi tunapitisha bahasha. Mwaka huu twendeni wenyewe, Jumamosi, saa 12 na nusu asubuhi kabla ya jua kali, ibada ya jumuiya ifuate baadaye.

Tuanzie chini, mtaro unapotokea, tupande kuelekea juu. Wanaoanzia juu wanasukumia taka kwa wenzao na maji yanakosa pa kutokea. Kalavati izibuliwe kwa mti mrefu kutoka upande wa chini, na asiingie mtu ndani. Tope lisiachwe ukingoni. Mvua ya kwanza italirudisha lote. Litiwe kwenye viroba nusu nusu, kiroba kilichojaa hakinyanyuliwi na mtu mmoja, kisha guta libebe siku ile ile. Chupa zilizovunjika na sindano zimo humo, kwa hiyo buti na glovu ni lazima, na watoto wakae kwenye kugawa maji ya kunywa.

Kila nyumba itoe mtu. Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya wafike wa kwanza, na wapewe kipande cha chini ya kalavati, kwenye harufu. Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga abaki nyumbani bila kutozwa chochote, na tukimaliza tupite kwake tumwombee. Sepetu zilizopo ni sita. Mwenye nyingine aje nayo, na mwenye karai aandike jina kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni.